Wanja Usio na Ngano

Kwa miaka mitatu sikutia kinywani kitu chochote kilichotoka mkononi mwa mama yangu, na mama yangu ni mpishi. Naanza na hilo kwa sababu habari yenyewe ni ya vipodozi vya macho, na mtu anaweza kudhani nimekaa hapa kueleza urembo. Urembo wangu ni wa kawaida na hauhitaji maelezo.

Mama anauza chapati na mahamri kando ya njia wanayopita wafanyakazi wa viwandani asubuhi, wakitoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu. Alianza nikiwa darasa la pili. Karo yangu, viatu vyangu na sanduku langu la bweni, vyote vilitoka kwenye kile kibao chake cha kusukumia. Kwao ni Pwani. Ndoa ilimleta Nairobi, ndoa ikaisha, akabaki na kikaango. Ukiingia chumbani kwake unga unakulaki kabla yake: uko kwenye pazia, uko juu ya redio, uko kwenye kucha zake hata akiwa ametoka kuoga. Mimi naishi Tassia, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake, ghorofa ya nne, na nyumbani kwangu hakuna unga wa ngano hata chembe.

Ugonjwa wangu unaitwa siliaki. Katika ngano na shayiri kuna kitu kinaitwa gluteni, ule mnato unaofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mwili wangu ukikutana nao hukasirika, na katika hasira hiyo huujeruhi utumbo wake wenyewe. Kabla ugonjwa haujajulikana nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo, na zahanati moja ikanipima mimba mara mbili kwa siku moja kwa kuwa haikuamini jibu la kwanza. Hatimaye daktari mmoja mwanamke, mpole ila asiyepoteza maneno, alinipitisha kamera tumboni na kuniandikia orodha ya vitu ambavyo sitakula tena maishani. Niliisoma nikishuka ngazi za hospitali. Ungedhani alikuwa ameinakili meza ya mama.

Habari hiyo nilimpelekea mama vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini mwanangu, chapati yangu ndiyo iliyokukuza." Nami, na hasira yangu yote ya miaka ya kuumwa, nikamjibu, "Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiniua."

Alikikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kumtembelea, aliniwekea soda iliyofungwa na ndizi moja yenye ganda lake. Hakunimenyea. Aliiweka mezani kwa ncha za vidole na kuisukuma upande wangu, ili nijue hakugusa cha ndani. Nilikula ndizi hizo kwa miaka mitatu na kila moja ilinishuka kwa shida.

Nami sikuwa malaika. Akija Tassia nilimwekea beseni la maji na sabuni mlangoni, anawe kabla hajagusa kitasa cha ndani. Jikoni kwangu sikumruhusu kabisa. Nilijiambia ni mambo ya afya, na kweli yalikuwa ya afya, lakini mgeni humkaribishi namna hiyo, sembuse mama. Baada ya muda akaanza kuja mara chache, na akija anakaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuuliza njia.

Nikiwa na miaka thelathini na tatu nikachumbiwa na fundi wa friji, mtu mtaratibu, mlaji wa ugali na sukuma, kwa hiyo kwa upande wa chakula tulielewana mapema. Tatizo lilikuwa kwingine. Kwao mama, bi harusi hupakwa wanja na mama yake mzazi kabla ya mtu mwingine yeyote kuugusa uso wake. Mpambaji atakuja baadaye na masanduku yake, lakini mstari wa kwanza ni wa mama, kwa kidole chake na wanja alioutengeneza mwenyewe. Bibi alimpaka mama hivyo, na mama alinisimulia jambo hilo tangu nikiwa simfikii kiunoni. Kila asubuhi ya Idi alinipaka, akininong'oneza nitazame juu, nisipepese. Alikuwa akijizoeza, alisema, kwa ile siku yenyewe.

Sasa siku ilikuwa inakuja na macho yangu hayakubali kitu. Ngozi yangu ya kope ilikuwa imeanza kususa muda mrefu. Penseli moja iliniacha na uvimbe, maskara nyingine ikaniacha na magamba mekundu kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Nilimwuliza daktari kama siliaki inaweza kupitia machoni. Alisema la, gluteni haipenyi ngozi ikafika utumboni. Lakini aliniambia mambo mawili. La kwanza, kinachopakwa machoni hakikai machoni: kinaanguka, kinafutwa kwa mkono, mkono unakwenda mdomoni, machozi yanashuka hadi midomoni. La pili, ngozi yangu yenyewe ilionekana kuichukia ngano, na hiyo ni kesi tofauti na ya tumbo, ingawa mshtakiwa ni mmoja. Akaniambia kila kitu kipya nikipake kwanza ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa, nisome lebo, na nisiamini neno la muuzaji.

Kusoma lebo ndiyo kazi yangu, na hapo ndipo nilipojicheka. Niko katika kiwanda kinachofungasha sabuni na mafuta ya kujipaka huko Industrial Area. Siku nzima natazama chupa zikipita na kutoa zile ambazo lebo imekaa upande au imefutika wino. Nimetazama lebo kwa miaka minane na sikuwahi kusoma hata moja. Nilikuwa naangalia kama zimenyooka.

Nilimwambia mama mpango wangu: ningetafuta wanja wa dukani uliohakikishwa, halafu angenipaka huo kwa mkono wake. Niliona ni suluhisho la busara. Mama alisema, "Wa dukani? Haya." Kuna haya ya kukubali na kuna haya ya kufunga mlango, na hiyo ilikuwa ya pili.

Nikaenda Eastleigh Jumamosi moja. Huko vipodozi vinauzwa kwa jumla katika majengo ya ghorofa ambayo kila duka ni upana wa mikono miwili, na kila mlango una mtu anayekuita. Niliingia katika duka la dada mmoja aliyevaa buibui, mwenye ulimi mwepesi na simu mkononi.

"Sasa sister. Unataka gani?"

"Natafuta wanja na maskara zisizo na ngano."

"Ngano gani?"

"Ngano ya unga."

Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Sister, hii ni ya macho, si chapo. Kwani unataka kuikula?"

"Ukilia," nilimwuliza, "machozi yanashuka wapi?"

Akafikiri kidogo. "Hapa kwa mdomo."

"Basi naila."

Alicheka, lakini kuanzia hapo akawa upande wangu. Alinivutia kigoda, akanishushia vichupa na vijaluba kutoka rafu ya juu, akawa anaitumia simu yake kukuza maandishi yaliyokuwa madogo kuliko sisimizi. Niligundua kwamba ngano ikienda machoni hubadilisha jina. Huitwa triticum, kwa Kilatini, na hapo watu hawaijui tena. Kwenye maskara huwekwa protini yake ili kope zionekane nene. Kwenye rangi za kope huwekwa mafuta ya kiini chake. Shayiri nayo ilikuwemo, imejificha kama hordeum. Baada ya saa moja yule dada alikuwa anazisoma kabla yangu. "Hii iko nayo. Hii iko nayo pia. Hii, wacha nione, eh, hata hii."

Nyingine hazikuwa na orodha kabisa, au mwagizaji alikuwa amebandika kibandiko chake juu ya orodha. Mimi najua kubandua lebo bila kuichana, ni ufundi wangu wa pekee duniani. Chini ya kibandiko kimoja nilikuta orodha ya Kichina. Chini ya kingine nilikuta orodha ya shampuu.

Nilitoka na penseli moja ambayo maandishi yake yote yalisomeka. Kiwiko kiliipokea vizuri. Nikaipaka machoni, siku ya kwanza salama, siku ya pili salama, siku ya tatu nikaamka kope zimevimba. Labda ilikuwa nta, labda rangi, labda mtu alikuwa ameijaribu kabla yangu. Niliandika barua pepe kwa kampuni tatu za vipodozi kuuliza kama mitambo yao hupitisha ngano. Mbili zilinyamaza. Moja ilinishukuru kwa kupenda bidhaa zao na kusema haiwezi kuthibitisha.

Nilirudi Eastleigh mara nne. Yule dada alianza kuniwekea kando vitu alivyovikagua mwenyewe, na viwili kati ya hivyo kweli vilikuwa safi kwa maandishi, lakini ngozi yangu ilivikataa vyote. Mchumba wangu aliponiona na uvimbe wa tatu alisema, "Si uende tu bila kujipaka? Uko tu fiti." Alisema kwa wema. Nilimjibu vibaya, kisha nikamwomba radhi, kwa sababu hakujua tunazungumzia nini. Kwake yalikuwa macho. Kwangu lilikuwa jambo moja la mwisho ambalo mama yangu bado angeweza kunifanyia kwa mkono wake, na lilikuwa linanitoka.

Zikabaki wiki tatu. Nilikwenda kwa mama, nikakaa, soda ikawekwa, ndizi ikasukumwa. Akaniuliza umefikia wapi na hao wa dukani. Nikamwambia.

"Wanja wangu," alisema, "una vitu vitatu. Masizi. Mafuta ya nyonyo ya kuwashia utambi. Samli ya kuchanganyia. Wewe umesoma. Nionyeshe ngano iko wapi hapo."

Nilihesabu kwa vidole. Masizi si ngano, nyonyo si ngano, samli si ngano. Nilimwuliza kama anatia unga wa jiwe wowote kutoka dukani, kwa maana daktari alikuwa amenionya kwamba mawe hayo yanaweza kuwa na madini ya risasi. Alisema jiwe hajawahi kutia. Nikaona aibu. Nilikuwa nimezunguka Eastleigh yote nikisoma Kilatini, na mtu aliyekuwa na orodha fupi kuliko zote alikuwa amekaa mbele yangu miezi yote hiyo.

Nikasema, basi nipake.

Sitaisahau furaha yake. Hakuonyesha meno, si mtu wa hivyo, ila alinyanyuka haraka kuliko nilivyomwona akinyanyuka kwa muda mrefu. Akatoa kichupa kutoka kabatini, akachovya kidole, akanishika kidevu. Tazama juu, usipepese. Harufu ya mkono wake ilikuwa ile ile. Kiwiko sikukikumbuka hata kidogo.

Kufikia alasiri macho yalikuwa yamefunga. Kufikia jioni tumbo lilikuwa limeanza, na lile la tumbo nalijua, halifanani na kingine. Nililala siku mbili. Mama alisikia kwa mchumba wangu, akaja Tassia, akanawa katika beseni bila kuambiwa, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kulala.

"Basi ni mimi," alisema. "Si unga wala nini. Ni mkono wangu."

Nilitaka kumwambia siyo. Lakini nilikuwa mgonjwa, na ndani yangu nilikuwa nimeanza kuamini hivyo hivyo. Akaondoka. Akampigia dada yake wa Pwani kumwambia kwamba mwaka huu wanja hautapakwa, mwanawe ni mgonjwa. Nilisikia habari hiyo kwa shangazi wa ukoo mwingine kabisa, jinsi habari zinavyotembea, na nililia, na nikajifuta machozi kwa tishu nikihofia wanja uliobaki kopeni.

Nilirudi kazini Jumatano. Saa nne likaletwa katoni la mafuta lililorudishwa na mteja, kwa sababu lilinuka sabuni ya kufulia. Msimamizi wetu hakuuliza mafuta yale yametengenezwa na nini. Hilo tunalijua. Aliuliza swali analouliza kila siku: kabla ya mafuta haya, ni kitu gani kilipita kwenye mtambo ule? Nimelisikia swali hilo miaka minane. Siku hiyo niliacha chupa kadhaa zipite zikiwa na lebo za upande.

Jioni nilikwenda moja kwa moja kwa mama, na sare yangu ya kazi. Nikamwambia, "Mama, nitengenezee wanja nikiona."

"Wa kazi gani tena?"

"Nione tu."

Hakutaka. Alisema amechoka, alisema utambi umekwisha, kisha akaona sitaondoka. Akakunja utambi wa pamba, akauweka katika kikopo chenye mafuta ya nyonyo, akauwasha. Akapanga makopo matatu kuuzunguka. Halafu akanyoosha mkono ukutani, akakitungua kikaango chake cha chapati na kukilaza juu ya makopo, kifudifudi, ule upande laini wa kupikia ukitazama moto.

"Kwa nini upande huo?" nikamwuliza.

"Ule wa nje una uchafu wa makaa. Huu ni safi."

Ulikuwa safi kwa macho. Chapati elfu nyingi zilikuwa zimegeuzwa juu yake na kuuacha ukiwa unang'aa. Masizi yakapanda, yakashika. Baada ya muda akakigeuza kikaango, akayakwangua kwa ule ule mwiko mwembamba wa kugeuzia chapati, akayakusanya kwenye kisahani. Kisha akavuta kopo la samli, lile linalokaa kando ya jiko asubuhi nzima, ambalo kijiko chake huingia ndani, hupaka chapati inayoiva, na kurudi ndani tena. Akafunua kifuniko.

Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba sitasema neno. Mama alizamisha kijiko, akakiinua kwenye taa, na hapo akasita. Kwenye samli kulikuwa na punje nyeupe za unga na vipande vidogo vya kahawia vilivyoungua. Alivitazama. Akatazama kikaango. Akatazama mwiko. Akakaa chini polepole, kijiko bado mkononi.

"Nimekupaka chapati machoni," alisema.

Nikacheka kwanza, Mungu anisamehe, kicheko kilichonitoka chenyewe. Naye akacheka, akaendelea kucheka mpaka kikawa kilio, na akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata baba alipoondoka. Nilimshika. Sare yangu ilijaa unga mabegani na sikuukung'uta. Nilimwambia kwamba si mkono wake. Nilimwambia pia lile ambalo nilipaswa kulisema miaka mitatu nyuma, kwamba maneno yangu ya siku ile kuhusu chapati yalikuwa mabaya na nilijua ni mabaya nilipokuwa nikiyatamka.

"Yalikuwa kweli," alisema.

"Yalikuwa mabaya," nikasema.

Kuanzia hapo mama alilishika jambo hilo kwa namna anavyoshika donge gumu. Aliwaambia wateja wake hatakaanga chapati kwa siku nne, na kwa watu wale wanaotembea kwenda kazini bila chai, hiyo ilikuwa habari kubwa. Wengine walimwuliza kama amefiwa. Alinunua kifuniko kipya cha udongo, ambacho hakijawahi kuona jiko. Samli akaiacha, akanunua chupa ya mafuta ya nazi ambayo haijafunguliwa, akanipa mimi nisome lebo. Ilikuwa na neno moja tu, nazi. Alikata kucha zote kumi hadi kwenye nyama. Kisha akaja Tassia na kila kitu ndani ya mfuko mpya, akaoga kwangu, akavaa leso mpya ambayo bado ilikuwa na ugumu wa dukani.

Beseni la mlangoni nilikuwa nimeliondoa. Alilitafuta kwa macho, akalikosa, akaniangalia.

"Utanawa jikoni," nikamwambia.

Akaingia jikoni kwangu kwa mara ya kwanza. Alifungua kabati moja, akafunga. Akaona unga wangu wa mahindi, wa mtama, wa mchele, kila mmoja katika kopo lake. "Kumbe unakula," alisema. Alikuwa amedhani kwa miaka mitatu nakula ndizi tu.

Tulitengeneza wanja mchana ule, dirisha likiwa wazi, jirani wa juu akilalamika kuhusu moshi. Ulitoka kidogo sana, wa kujaza kizibo cha chupa. Nikaupaka ndani ya kiwiko. Mama akapiga simu asubuhi, mchana na jioni kwa siku tano, swali lake likiwa moja: kimewasha? Hakijawasha. Siku ya sita nikapaka kidogo kwenye kona ya jicho la kushoto. Siku ya saba nikaamka na jicho langu la kila siku, limechoka tu kidogo kwa sababu ya kuamka mara kwa mara kujitazama kwenye kioo.

Asubuhi ya harusi nilipambiwa Tassia, ingawa desturi ilitaka iwe kwa mama. Mpambaji alikaa pembeni na sanduku lake, na nilikuwa nimemwambia asifungue upande wa macho. Mama alifika mikono mitupu. Akanawa jikoni, akajikausha kwa kitambaa safi, akapiga magoti mbele yangu ingawa goti lake moja humuuma. Wanawake waliokuwa wakiimba wakapunguza sauti.

Akanishika kidevu. Tazama juu, usipepese.

Sikupepesa. Lakini hakuna aliyenikataza kulia. Machozi yalianza akiwa bado kwenye jicho la pili, yakashuka meusi mashavuni, na mpambaji akaruka na pamba yake. Mama alimzuia kwa mkono. Hakuwa anayatazama macho yangu wala mashavu. Alikuwa anautazama mdomo wangu, amekunja uso, kwa hofu ambayo nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe.

"Usilambe," alisema kwa sauti ya chini.

Nililamba. Yalikuwa na chumvi na nazi kidogo.

Siku mbili baadaye nilikwenda kumsalimia, kama bi harusi anavyopaswa. Alinifungulia mlango na kabla hajaitikia shikamoo yangu akaniuliza kuhusu tumbo. Nikamwambia tumbo liko kimya. Hakuamini, akaniuliza tena. Kimya, mama.

Nikakaa. Soda ikaja, imefungwa. Ndizi ikaja, na ganda lake. Aliiweka mezani, vidole vyake vikabaki juu yake. Kisha akainuka, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa muda mrefu kwa sabuni mpya, kucha zikiwa bado fupi. Akarudi, akaichukua ile ndizi, akaimenya yote mpaka chini, akanishikia.

Niliila mkononi mwake.